Mwili Usioingiwa na Insulini

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi sasa hivi kutoka kwa Mama Harjanti, Bu Harjanti kama wanavyomwita. Hasira! Nikigusa kalamu ya nta leo nitaiharibu batiki ya mteja. Afadhali niandike.

Mambo yalianza mwezi uliopita. Madaktari walikuja kutuchukua damu sisi wanawake wa mtaa wa Laweyan hapa Solo, wale wenye viuno vya kujaza mlango. Leo Daktari Pramesti, kasichana ka juzi tu, amekuja kutupa majibu. Na ametupatia wapi? Sebuleni kwa Harjanti! Kisa, Harjanti ni mwenyekiti wa akina mama wa mtaa. Miaka nenda miaka rudi, mwenyekiti. Sikumbuki nani alimchagua.

Daktari alituita mmoja mmoja pembeni, eti ni siri ya mgonjwa. Sebule ya Harjanti haina pembeni. Tukasikia yote.

Akamwambia Harjanti kwamba mwili wake umekuwa kebal kwa insulini.

Kebal! Nimesikia kwa masikio yangu haya. Mtu kebal ni mtu ambaye kisu hakimwingii na risasi ikimpiga inadunda. Babu yangu mzaa baba alikuwa kebal. Waholanzi walimfyatulia darajani, akakung'uta msuli wake wa sarong akaendelea na safari yake. Ukoo mzima unajua. Sasa sifa hiyo apewe nani? Harjanti! Mjukuu wa wauza tambi! Tena kwenye kipimo cha ukebal kapata sita na nukta moja.

Na mimi? Nne na nukta nane. Kebal ndiyo, lakini ya kupimiwa kijiko. Damu ya babu yangu yote ile, nne na nukta nane!

Halafu Harjanti akaangua kilio. Leso, kamasi, kila kitu. Akina mama wakamzunguka wakimpapasa mgongo, pole Bu, pole Bu. Machozi hayo nayajua. Ndiyo yale ya wasichana wanaovishwa taji la urembo kwenye televisheni.

Daktari akaongeza maneno mengi. Kwamba insulini ndiyo inayouamuru mwili uitoe sukari kwenye damu, na kebal maana yake mwili hausikii amri. Kwamba tusiporudi nyuma mapema tutaangukia kwenye kisukari, na kisukari kinakula figo, miguu na macho. Sikumsikiliza sana. Wasomi hawawezi kumsifu mtu bila kumtia kasoro.

Nyumbani nikamweleza Mbakyu Ngatinah, dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha batiki, na alikuwa fundi kuliko mimi mpaka kisukari kilipomla macho. Nilitegemea afurahi. Akanishika mkono, akavipapasa vidole vyangu kimoja kimoja, akasema nikimpenda nifanye kila anachosema yule daktari.

Nikimpenda! Yeye anakaa upande wa nani?

Jumatano, 16 Julai

Aibu ya karne.

Daktari Pramesti anataka wanawake wachache wa kuangaliwa ndani ya utumbo. Mpira unapita mdomoni, unashuka mpaka utumbo mwembamba, unachuna kipande kidogo. Eti mwilini tuna maelekezo tuliyorithi kwa wazazi, yanaitwa vinasaba. Mengine yanafanya kazi, mengine yamelala. Wanataka kujua yapi yako macho kwenye utumbo wa mwanamke asiyesikia insulini, kwa sababu huenda utumbo ndio unaochochea ugomvi mzima.

Harjanti akachaguliwa wa kwanza. Na mimi nikajitia wa pili kabla sijaitwa.

Leo tulitakiwa hospitali bila kula wala kunywa. Nikawaza: kama sukari ndiyo inayopigana na insulini, basi mpiganaji hapelekwi vitani na njaa. Nikanywa chai yetu ile ya Solo, ya yasmini, ya moto, nzito, tamu ya kunata midomo. Glasi mbili. Ya tatu nikaimalizia mlangoni.

Nesi akaniinamia aniwekee dripu, akanusa. Akauliza kama ni yasmini hiyo. Nikasema ni manukato. Akasema manukato yako yana sukari kwenye kidevu, Bu.

Nikarudishwa nyumbani! Na Harjanti amelala pale kitandani, kashika tasbihi, anatetemeka, ananiangalia kwa huruma. Huruma ya Harjanti ni kama kukanyagwa kidole na mtu aliyevaa viatu vipya. Anajua kabisa anachofanya.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepitishwa mpira. Sitaki kuuzungumzia.

Ila hili nitaliandika. Kabla hawajaninusisha dawa nikamwambia Daktari Pramesti kwamba kipande changu kisiwe kidogo kuliko cha Harjanti. Akasema vyote ni sawa, vidogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Nikamwambia basi avunje punje yangu vizuri. Nesi akatoka nje kucheka. Nimemsikia! Mpira ni wao, lakini masikio ni yangu.

Nilipozinduka tukapewa masharti sote. Wiki nane. Tupunguze wali mweupe, tuache sukari, tutembee kila siku. Halafu tutapimwa tena, damu na utumbo.

Tutapimwa tena! Kumbe mchezo una kipindi cha pili.

Jumapili, 20 Julai

Nimeipata! Nimeipata! Akili hizi sijui kwa nini zinakaa jikoni.

Nimejiuliza: babu yangu aliupataje ukebal wake? Kwa kulala? Kwa kula vitumbua vya nazi? Hata kidogo. Kwa tirakat! Alijinyima. Alifunga kila Jumatatu na Alhamisi. Alikula mizizi na majani tu, wali hakuugusa. Alitembea alfajiri kimya kimya bila kutamka neno mpaka jua likasimama kichwani. Hivyo ndivyo mwili unavyokomaa, ukakataa kisu, ukakataa risasi. Na utakataa insulini, tena uitemee mate!

Harjanti hataweza. Harjanti hawezi kukaa kimya hata msikitini. Na Harjanti anapenda wali kuliko mumewe.

Sasa uzuri wa mpango wenyewe. Daktari akiniona natembea na sili wali, atadhani natii masharti yake. Kumbe nanoa silaha! Baada ya wiki nane nitafika na namba tisa. Kumi! Harjanti atavua uenyekiti mwenyewe aniletee kwa magoti.

Sijamwambia mtu. Mbakyu amesikia nimerudisha wali kwenye sufuria, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimeamua kumsikiliza daktari. Akalia kwa furaha. Nimejisikia vibaya kidogo, kama dakika moja hivi.

Alhamisi, 31 Julai

NJAA.

Futari: viazi vitamu viwili vidogo, majani ya mpapai, tempe, ile soya iliyochachushwa. Majani ya mpapai ni machungu, mtu unatafuna hasira zako mwenyewe. Chai bila sukari. Bila sukari! Mimi, mtoto wa Solo! Mama yangu angefufuka anizabe kofi.

Kimya ndicho kinachoniua. Alfajiri nazunguka vichochoro vyote vya Laweyan, ukuta mrefu kushoto, ukuta mrefu kulia, mdomo nimeufunga. Muuza maziwa ya soya ananisalimu, sijibu. Mke wa imamu ananisalimu, sijibu. Sasa mtaa mzima unasema Bu Kasiyem ana maringo. Na siwezi kuwajibu mpaka saa sita mchana! Ikifika saa sita nimeshasahau nilitaka kumtukana nani.

Mume wangu Marno anawaambia marafiki zake wa mashindano ya ndege kwamba hajawahi kuwa na mwezi mtulivu kama huu tangu tuoane. Kaongeza na ndege wake wanaimba vizuri zaidi. Nimeyasikia haya saa nne asubuhi, sikuweza kufungua mdomo. Nikawamwagia kuku mtama wa ndege wake.

Harjanti amenitumia tofu ya mvuke, lile jibini la soya, eti ni katika masharti ya daktari, tusaidiane. Nimeichunguza kila upande. Sijui ameweka nini. Nimempa Marno. Amesema ni tamu. Namsubiri aumwe.

Jumapili, 17 Agosti

Sikukuu ya uhuru, na mimi nimefungwa mdomo!

Mtaa mzima uko uwanjani. Bendera, vipaza sauti, mashindano ya kula kerupuk, zile chipsi nyepesi, zilizotundikwa kwa kamba. Mimi nimekula kiapo: kimya mpaka adhuhuri, bila kujali sikukuu.

Saa tatu Harjanti kanijia mbele ya watu wote. Kaniangalia juu chini. Akasema kwa sauti ya mwenyekiti: "Jamani, mwoneni Bu Kasiyem! Kiuno kimerudi! Bu, hebu tuambie unafanyaje, maana mimi nimeshindwa, jana tu nimekula wali sahani tatu nikaishia kulia chooni."

Kanidhihaki! Kwamba yeye anakula sahani tatu na bado ni kebal, na mimi nakonda kama fimbo ya bendera! Na nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu saba, yote makali, yamepangana kwenye ulimi. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Akaniletea maji.

Kwenye kuvuta kamba wakaniweka upande wa pili wake. Nikasema moyoni, leo leo. Nilisahau kwamba uzito wangu umepungua. Harjanti akaegemea nyuma tu, hata hakuvuta, na mimi nikaruka na kamba yote nikatua kifudifudi kwenye matope. Watu wakapiga makofi. Nikainuka, nimejaa tope mpaka puani, saa tano na robo, na sikutamka neno.

Watu wanasema nimeongoka. Imamu kanitaja kuwa mfano wa subira. Potelea mbali wote.

Jumanne, 2 Septemba

Jambo la ajabu. Leo nimetia nukta za nta kwenye batiki ya harusi, zile ndogo kabisa za kujaza mabawa ya ndege, na nimeziona zote. Miezi kadhaa ilikuwa mchana mmoja zinaonekana, mchana mwingine ni ukungu, sikumwambia mtu. Leo hata miwani nimeisukuma juu ya kichwa.

Na usingizi nalala. Na kiu ile ya kunywa ndoo nzima imekata. Magoti hayalii ngazini.

Mbakyu kasikia nahesabu nukta kwa sauti, akaja akakaa karibu. Akaniomba nimwelezee bawa lilivyo. Nikamwelezea. Akaliweka shavu lake karibu na kitambaa kusikia joto la nta. Tulikaa hivyo mpaka nta ikapoa kwenye kikaango, wala sikumgombeza mtu.

Dalili ni wazi. Ukebal unapanda! Mwili unakuwa chuma!

Ijumaa, 12 Septemba

Damu imetolewa. Mpira umepita. Safari hii sikugusa chai hata kwa kuinusa. Harjanti kaingia chumbani baada yangu, uso umemshuka. Mwoga. Amejua.

Jumatatu, 22 Septemba

Siwezi. Siwezi. Kalamu inatoboa karatasi.

Tuliitwa tena, sebuleni kulekule. Nilivaa kebaya, ile blauzi yangu ya zambarau niliyoiweka kwa ajili ya siku ya kukabidhiwa uenyekiti. Imenipwaya, nikaibana kwa pini.

Daktari Pramesti akasema majibu ya vinasaba vya utumbo yatachukua muda, lakini damu imeshasema. Akatabasamu. Akasema kuna mmoja kati yetu amemshangaza, na kwa ruhusa yake angependa kumtaja. Nikatoa ruhusa kabla hajamaliza. Nikasimama!

Akasema: "Bu Kasiyem. Moja na nukta tisa."

Moja!

Nikamwambia asome vizuri, labda ni kumi na tisa. Akasema ni moja na nukta tisa, hongera, mwili wako umeanza kusikia insulini tena, ukiendelea hivi kisukari hukioni. Wakapiga makofi. Makofi! Nimevuliwa nguo mbele ya kadamnasi na watu wanapiga makofi! Mjukuu wa mtu aliyekung'uta risasi, sasa insulini inapita tu, inaingia na kutoka kama shemeji asiye na adabu!

Na Harjanti? Tano na nukta nane. Bado kebal. Bila kufunga, bila kunyamaza, kwa sahani tatu za wali. Akafunika uso kwa mikono, akalia tena. Machozi ya ushindi tena! Mwanamke huyu hana haya.

Nimerudi nyumbani nimefunga mlango. Mbakyu kanifuata, kashika ukuta. Nikamtajia namba. Akashuka mpaka chini akakaa sakafuni, akashika miguu yangu, anasema alhamdulillah, alhamdulillah, hutapita nilikopita. Akasema angetoa kila alichonacho aisikie namba kama hiyo ya kwake siku zile alipokuwa bado anaona rangi.

Nikamwambia aache kujisifu. Katika nyumba hii ni yeye peke yake ambaye ukebal haujawahi kumtoka, hata macho yalipokwenda.

Akaondoa mikono. Kaenda chumbani kwake, hajala.

Nongwa tu.

Jumanne, 23 Septemba

Usiku nimepata jawabu. Wameniibia! Kile kipande cha utumbo! Ukebal wangu ulikuwa umekaa pale pale, wakauchuna.

Asubuhi nikamvamia Daktari Pramesti hospitali nikadai kipande changu, cha kwanza na cha pili. Akaniuliza cha nini. Nikamwambia cha kurudishia. Akanivuta kiti. Akanipa maji, akaniuliza mimi naelewa nini ninaposikia neno kebal. Nikamweleza: babu, daraja, Waholanzi, sarong. Alisikiliza mpaka mwisho, sitamnyima hilo. Halafu akashika kichwa akasema kosa ni lake, alitumia neno baya. Akanieleza upya, polepole, kama mtoto wa chekechea: hii si nguvu, ni mwili kuziba masikio. Kule kufunga, kule kutembea, zile mboga chungu, ndivyo vilivyofungua masikio. Nilijiponya mwenyewe.

Hapo sasa nimemwelewa vizuri kabisa.

Tirakat ndiyo iliyouondoa ukebal! Yeye alijua tangu mwanzo! Kinachoufukuza ni kufunga na kutembea, na kinachoulinda ni wali na sukari, ndiyo maana Harjanti kila siku yuko juu. Babu alikuwa anapambana na risasi, bwana, insulini ni kitu kingine, kina kanuni zake. Nimepoteza wiki nane nikinoa kisu upande wa mpini!

Na vile vipande vyangu vimeshasagwa, eti ndivyo wanavyosoma vinasaba. Sawa. Sihitaji. Njia ninayo.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo adui amejileta mwenyewe.

Nilikuwa kwenye batiki, Harjanti kagonga. Hajapaka hata poda. Mlangoni akavua viatu, akakaa chini kwenye mkeka, mwenyekiti mzima, akasema anaogopa. Mama yake alikatwa mguu kwa sukari, akafa mwaka uleule. Kila akisomewa namba yake anauona ule mguu. Amejaribu peke yake ameshindwa. Akanishika mikono akasema: "Dada, nifundishe ulivyofanya. Nitakufuata popote, hata unitukane njiani."

Nikamwangalia. Nikajizuia nisicheke. Yaani Harjanti anataka mimi nimfundishe namna ya kuupoteza ukebal wake! Kwa hiari yake! Anaomba!

Nimemfundisha kila kitu. Sijaficha hata jani. Jumatatu na Alhamisi kufunga, kwa idhini ya daktari asije akazimia akanisingizia. Mizizi, mboga, tempe. Chai bila sukari. Kutembea alfajiri, na kimya, kimya ndiyo muhimu. Nimemwambia nitampitia mwenyewe kila siku kumgongea dirisha, nisimpe nafasi ya kulegea. Nikamwandikia na majani ya mpapai yanavyochemshwa. Roho yangu mbaya yote nimeitia humo, sikubakiza.

Akanikumbatia. Akalia begani kwangu, kebaya yote imelowa. Akasema nimemwokoa na hatanisahau mpaka kufa. Masikini! Nimempiga na hajui kapigwa. Mbakyu alikuwa mlangoni anasikiliza. Tangu Jumatatu hajanisemesha, leo kaja kanibusu kichwani, kasema alijua chini kabisa mimi ni mtu mwema.

Waache waamini. Ikifika mwaka mpya Harjanti atakuwa na moja na nukta kitu, mwili uko wazi, kila insulini inajipitia. Atakuwa si lolote si chochote.

Na mimi nimeshaanza. Mchana wali sahani mbili, na serabi nne, vile vitumbua vya maziwa ya nazi, na chai yenyewe ya Solo, tamu mpaka kijiko kinasimama. Jioni nukta za batiki zimeanza kunichezacheza kidogo. Ni uchovu tu. Nimewasha taa ya pili na kumtuma Marno akalete serabi zaidi.